Kutoka saiba ya Makongeni hadi laptopu mpya: safari ya faili moja

Leo nina hadithi ya kuhama. Mwishoni mwa mwaka 2025 nilihama mara mbili ndani ya mwezi mmoja. Kwanza nilihama kompyuta: laptopu yangu ya zamani ilichoka, nikanunua nyingine. Kila anayeandika programu kwa riziki yake anajua kuwa hiyo si kazi ya jioni moja. Kabla sijamaliza, mama akanipigia simu nikamsaidie kuhama nyumba.

Mama alikuwa akiishi Makongeni. Kwa asiyeijua, Makongeni ni mtaa wa Eastlands hapa Nairobi, karibu na barabara ya Jogoo, jirani na Kaloleni na Mbotela. Nyumba zake zilijengwa kwa ajili ya wafanyakazi wa reli, na baba alikuwa mmoja wao. Mwaka huo wa 2025 wakazi walikuwa wakiondoka kupisha ujenzi wa nyumba mpya. Basi tukafunga sufuria, magodoro, picha za ukutani na redio ya marehemu baba. Chini ya kitanda nilichokuwa nikilalia zamani, mama akavuta kisanduku cha bati.

"Baba, haya mavyuma yako unayachukua au niyatupe?"

Ndani kulikuwa na nyaya zisizo na kazi, sidii mbili za Ubuntu na flashi ya megabaiti 128. Nikaitia mfukoni. Usiku nikaichomeka kwenye laptopu mpya bila matumaini makubwa. Ikafunguka. Ndani mlikuwa na mazoezi yangu ya kwanza ya PHP, barua za kuomba kazi, na faili moja ndogo iitwayo `_vimrc`, ya mwaka 2006. Mistari haikufika 20.

Nikajiuliza: je, mipangilio iliyoandikwa mwaka 2006, kwenye Windows, ndani ya saiba ya mtaani, itafanya kazi leo kwenye kompyuta ya Linux, na kihariri kilichopandishwa toleo mara nyingi kiasi hiki? Nitakwambia kilichotokea. Lakini jibu halitakuwa na maana kubwa kwako bila historia yake, kwa hiyo vuta kiti.

Kwanza tuelewane kwa maneno. Kihariri ni programu tunayoandikia msimbo, kama seremala na randa yake. Mipangilio ni yale mambo madogo unayoyarekebisha ili randa ikukae mkononi: rangi, ukubwa wa herufi, nafasi mwanzoni mwa mstari, kitufe kipi kifanye nini. Likiwa moja moja halina uzito. Yakiwa yote pamoja, ndiyo tofauti kati ya kufanya kazi na kupigana na mashine.

Mwaka 1969, katika maabara za Bell kule New Jersey, Marekani, Ken Thompson aliandika kihariri kiitwacho ed kwa ajili ya mfumo mpya wa Unix. Siku hizo wengi hawakuwa na skrini. Walitumia teletaipu, yaani taipureta iliyounganishwa na kompyuta. Unapiga amri, mashine inakujibu kwa kuchapa kwenye karatasi. Teletaipu iliyovuma wakati huo, Model 33, ilichapa herufi 10 tu kwa sekunde. Ndiyo maana ed ilikuwa bahili wa maneno. Ukikosea, jibu lake lilikuwa alama moja ya kuuliza, basi. Kosa ulitafute mwenyewe. Iweke teletaipu hiyo akilini, maana tutaikuta tena Makongeni.

Huko London, katika chuo cha Queen Mary, mhadhiri George Coulouris aliiona ed kuwa ngumu mno, akatengeneza em, kihariri cha binadamu wa kawaida kama alivyokitania mwenyewe. Mwaka 1976 alikwenda nacho chuo kikuu cha California, Berkeley. Huko wanafunzi Bill Joy na Chuck Haley wakakichukua, wakakiboresha, na kutokana na kazi hiyo ikazaliwa ex. Joy akaiongezea hali ya kuonyesha ukurasa mzima kwenye skrini, na hali hiyo ndiyo vi. Nyumbani kwake Joy alikuwa na modemu ya kasi ya 300, polepole kuliko saiba yoyote uliyowahi kuilalamikia. Ndiyo maana amri za vi ni herufi moja moja: kila herufi ilikuwa na gharama.

Terminali aliyotumia Joy iliitwa ADM-3A. Kibodi yake haikuwa na vitufe vya mishale peke yake. Mishale ilichorwa juu ya herufi h, j, k na l, na hadi leo, nusu karne baadaye, vidole vyangu vinasogeza kishale kwa herufi hizo hizo. Kitufe cha Esc kilikuwa mahali palipo na Tab leo, karibu kabisa na kidole, ndiyo maana vi inakutaka uipige Esc kila dakika. Na kitufe cha kurudi mwanzo, yaani Home, kilikuwa kimoja na kile cha alama ya kiwimbi, `~`. Hapo ndipo Unix ilipopata desturi ya kuiita folda yako ya nyumbani `~`. Fikiria: mtu aliamua mahali pa kuchora alama kwenye kibodi ya miaka ya 1970, na mimi wa Makongeni naandika `~` kila siku nikimaanisha nyumbani.

Mipangilio yenyewe ilipataje makao? Kwa bahati mbaya iliyogeuka kuwa nzuri. Rob Pike, aliyefanya kazi Bell na kina Thompson, aliwahi kueleza kisa hiki mwaka 2012. Katika Unix kila folda ina majina mawili ya pekee: nukta moja, yenye maana ya folda hii, na nukta mbili, yenye maana ya folda iliyo juu yake. Amri ya kuorodhesha faili, ls, haikutakiwa kuyaonyesha. Aliyeandika msimbo akachukua njia ya mkato: jina lolote linaloanza na nukta lisionyeshwe. Watu wakagundua kuwa sasa wana mahali pa kuficha vitu, na programu zikaanza kuweka mipangilio yake katika faili za nukta. Ya vi na ex iliitwa `.exrc`. Hizo herufi rc mwishoni nazo zina ukoo: zimetoka kwenye neno runcom, kifupi cha maneno ya Kiingereza yenye maana ya kutekeleza amri, lililotumika MIT katika miaka ya 1960. Yaani faili hiyo ni orodha ya amri zinazotekelezwa programu inapoamka. Ni maandishi matupu. Unaweza kuyasoma kwa macho, kuyachapa kwenye karatasi, hata kumsomea mtu kwa simu. Kwa maoni yangu hilo ndilo jambo kubwa kuliko yote katika historia hii, na nitalirudia.

Mwaka 1988 kijana Mholanzi, Bram Moolenaar, alikuwa na kompyuta ya Amiga na hakupata vi ya kuridhisha kwa ajili yake. Akachukua Stevie, programu iliyoigiza vi ambayo Tim Thompson aliiandikia kompyuta za Atari ST mwaka 1987, akaanza kuirekebisha. Akaiita Vim, kwa maana ya kuiga vi. Toleo la kwanza kutoka hadharani, 1.14, lilitoka mwaka 1991 ndani ya diski zilizosambazwa mkono kwa mkono miongoni mwa wapenzi wa Amiga. Ilipofika kwenye Unix, jina lilibaki lakini maana ikabadilishwa: sasa ilikuwa vi iliyoboreshwa.

Mwaka 1994 Bram alikwenda Uganda. Hakwenda kutalii. Alikwenda kujitolea mwaka mzima katika kituo cha watoto cha Kibaale, kusini mwa nchi, katika eneo la Rakai karibu na mpaka wa Tanzania. Alisaidia katika kazi za maji safi na vyoo. Rakai ni jina ambalo watu wazima wa Afrika Mashariki wanalijua kwa uchungu. Vita vya 1978 na 1979 kati ya Tanzania na Idi Amin vilipita pande hizo, na mwaka 1982, katika kijiji cha wavuvi cha Kasensero, ndipo wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI walipotambuliwa nchini Uganda, wakati watu wakiuita ugonjwa wa kukonda. Watoto wengi waliachwa bila baba wala mama. Bram aliporudi Uholanzi, mfuko wa ICCF Holland ukaanzishwa wa kuwalipia watoto wa Kibaale karo na matibabu. Na Vim akaifanya programu ya hisani: itumie bure, inakili utakavyo, lakini kama imekufaa, wakumbuke watoto wale.

Ndiyo maana kwa miaka mingi, ukiifungua Vim bila faili, katikati ya skrini tupu ulikutana na ombi la kuwasaidia watoto maskini wa Uganda. Mhandisi wa Tokyo aliliona. Mwanafunzi wa Berlin aliliona. Mwaka 2006 nami nililiona, katika saiba ya Makongeni.

Saiba ile ilikuwa chumba kimoja chenye kompyuta sita na feni moja. Ililipishwa shilingi moja kwa dakika. Mtandao ulikuwa wa setilaiti, kwani nyaya za chini ya bahari, TEAMS na SEACOM, zilifika Mombasa mwaka 2009. Fundi wa saiba alikuwa kaka mmoja aliyejifunza kila kitu peke yake. Mteja akilipa dakika 30 akaondoka na 10 zimebaki, fundi aliniita nizimalizie. Kompyuta zote zilisafishwa kila usiku, chochote ulichoacha kilifutwa. Hivyo fundi akaniwekea Vim yenyewe ndani ya flashi. Programu nzima ilikuwa ya megabaiti chache tu, na ilifanya kazi moja kwa moja kutoka humo bila kuombwa ruhusa na mtu. Kisha akaandika faili ya mipangilio, mstari kwa mstari, huku akinieleza. Jina lilianza na mstari wa chini badala ya nukta, `_vimrc`, kwa sababu MS-DOS ya zamani haikukubali jina linaloanza na nukta, na desturi ikabaki kwenye Windows.

Nilipoona lile ombi kwenye skrini nilicheka. "Kaka, hawa wa Uganda wametuzidi nini? Sisi wa Makongeni nani anatuombea?" Hakucheka. Aliniambia niandike `:help uganda`. Nikasoma habari za Kibaale kwenye dakika za mteja aliyekwisha kwenda zake. Miaka ya baadaye, katika anwani za wasaidizi, niliona shirika la Kanada liitwalo Kuwasha. Neno letu kabisa, ndani ya programu! Sikuwahi kuona neno la Kiswahili ndani ya kifaa cha kazi. Nakiri kuwa neno "maskini" lilinikera, na hata leo linanikera kidogo, maana dunia imezoea kutuona kwa dirisha hilo. Lakini mtu aliyeliandika alikuwa ameishi pale mwaka mzima akishughulikia maji na vyoo.

Sasa kuna mstari mmoja katika faili ile ambao fundi aliuandika kwa ajili ya Makongeni hasa. Vim huweka akiba ya unachoandika katika faili ya pembeni hata kabla hujahifadhi. Kwa kawaida huandika akiba hiyo kila baada ya herufi 200, au ukitulia sekunde 4. Kwa fundi hiyo ilikuwa anasa ya nchi zenye stima. Aliandika `set updatecount=20`, kila baada ya herufi 20, na pembeni, baada ya ile alama ya nukuu inayoanzisha maelezo katika faili za Vim, akaongeza maneno yake: stima ikipotea, usilie. Stima ilipotea mara ngapi siwezi kuhesabu. Inaporudi, unafungua faili, Vim inakuuliza kama urejeshe kazi yako, unakubali, na unakuta umepoteza neno moja au mawili. Wenzangu waliotumia programu nyingine walianza upya.

Mwaka 2007 nikapata kompyuta yangu ya kwanza, ya kuungaunga, nikaweka Ubuntu kutoka kwenye sidii. Wakati ule Canonical ilituma sidii hizo bure kwa posta, huduma iliyokoma mwaka 2011. Nikafungua vi kwa mbwembwe, nikapiga mishale kusogea, skrini ikajaa herufi A, B, C na D. Nikadhani kibodi imekufa. Kumbe Ubuntu iliweka Vim ndogo iliyopunguzwa viungo, tena ikijifanya vi ya zamani kabisa. Nyumbani hakukuwa na intaneti. Nikarudi saiba, nikapakua Vim kamili kwenye flashi, nikaisakinisha, nikanakili `_vimrc` yangu na kuipa jina jipya, `.vimrc`.

Ikanimwagia makosa. E492, si amri ya kihariri, na baada yake alama ya ajabu: `^M`. Nikaitafuta `^M` kwenye faili, sikuiona. Nilikaa jioni nzima. Kesho yake fundi akanicheka, akaniuliza kama nimewahi kuona taipureta ikifanya kazi. Ukimaliza mstari hufanya mambo mawili: kigari kinarudi kushoto, kisha karatasi inapanda juu. Teletaipu nayo ilihitaji amri mbili kwa mambo hayo mawili. Waliotengeneza Unix waliamua alama moja inatosha kumaliza mstari. MS-DOS, na Windows baada yake, zilibaki na zote mbili. Faili yangu iliandikwa kwenye Windows, kwa hiyo kila mstari uliisha kwa alama ya ziada ya kurudisha kigari ambacho hakipo, na Vim ya Linux ikaisoma kama amri isiyoijua. Dawa yake ni kuifungua faili, kuandika `:set fileformat=unix`, kisha kuhifadhi. Sekunde 5. Fikiria, teletaipu ya miaka ya 1960 ilinipotezea jioni nzima Makongeni mwaka 2007!

Mtoto wa reli ataelewa jambo hili haraka. Reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ina upana wa mita moja kati ya chuma na chuma. Ile mpya, SGR, iliyoanza kubeba abiria mwaka 2017, ina milimita 1,435. Behewa la zamani haliwezi kupita juu yake. Abiria kutoka Mombasa hushuka kituo cha Syokimau na mizigo yake, kisha hupanda treni ya reli ya zamani kuingia mjini. Pale pana swali moja tu: mzigo wako unabebeka? Kama unabebeka, upana wa reli si tatizo lako. Kama ulifungiwa ndani ya behewa, safari yako imeishia hapo.

Vihariri ni hivyo hivyo, na historia inaonyesha ni vipi vilivyoelewa. Vi ilibeba amri za ed na ex. Vim ilikubali kusoma `.exrc` ya wazee, hata ikawa na hali maalumu ya kujifanya vi. Mwaka 2014 Mbrazili Thiago de Arruda alianzisha Neovim baada ya mabadiliko aliyoyapendekeza kutokubaliwa katika Vim, na hata hiyo, pamoja na kujitenga, iliruhusu uilishe `.vimrc` yako ya zamani. Leo karibu kila kihariri kikubwa kina kiongezo cha vitufe vya vi, kwa sababu watengenezaji wanajua kuwa watu hawahami bila vidole vyao.

Kuna na upande wa pili. Atom, kihariri cha GitHub kilichotoka mwaka 2014, kilipendwa sana. Ofisini kwetu vijana watatu walikitumia. Tarehe 15 Desemba 2022 kikafungwa rasmi. Wengi walikuwa wamekwisha hamia VS Code ya Microsoft, iliyotangazwa mwaka 2015. Siisemi vibaya VS Code, naitumia siku nyingine. Mipangilio yake ni maandishi, na tangu 2020 unaweza kuingia kwa akaunti yako kwenye mashine mpya na kila kitu kikajipanga chenyewe. Ni raha. Lakini binamu yangu, ambaye hunicheka kwa kung'ang'ania Vim, alinipigia simu mwaka jana kwa sauti ya msiba. Alibadilisha namba ya simu, akashindwa kuthibitisha akaunti moja, na mipangilio ya miaka mitano ikabaki ng'ambo ya mlango. Nikamuuliza, "Ndugu yangu, hukuwa na nakala ya faili yenyewe?" Hakuwa. Hakujua hata faili iko wapi.

Hata Vim, pamoja na ukarimu wake, ina mtego wa kupandisha toleo. Toleo la 8.0, la mwaka 2016, lilikuja na mipangilio mizuri ya kuanzia kwa asiye na faili yake: rangi, kipanya na mengineyo. Lakini ukitengeneza `.vimrc` yako, hata ya mstari mmoja, mipangilio ile yote inawekwa kando. Nimeona watu wazima wakiongeza namba za mistari tu, na rangi zote zikatoweka. Weka mstari huu juu kabisa: `source $VIMRUNTIME/defaults.vim`. Utanishukuru.

Turudi kwenye flashi. Usiku ule nilinakili faili ya 2006 kwenye laptopu mpya, nikaipa jina `.vimrc`, nikafungua Vim 9.1. E492. `^M`. Nilicheka peke yangu mezani hadi mke wangu akauliza kulikoni. Nikaandika ile amri ya sekunde 5, nikafungua upya. Namba za mistari zikatokea. Rangi zikatokea. Nafasi nne mwanzoni mwa mstari, kama nilivyofundishwa. Nikaandika neno, nikahifadhi, ikakataa: haiwezi kutengeneza nakala ya akiba. Kumbe mstari mmoja ulielekeza nakala kwenye `D:\bakapu`, diski ya kompyuta ya saiba ambayo huenda ilishauzwa kama chuma chakavu. Nikaufuta huo mmoja. Mengine yote yalifanya kazi, baada ya miaka 19.

Na ule mstari wa stima nao ukafanya kazi. Laptopu yangu ina betri ya saa kadhaa, siuhitaji. Sikuufuta. Fundi alifariki mwaka 2011, na sidhani kuna maandishi mengine ya mkono wake yanayotumika popote duniani kila asubuhi.

Bram Moolenaar naye alifariki tarehe 3 Agosti 2023, akiwa na umri wa miaka 62. Kwa zaidi ya miaka 30 karibu kila badiliko lililoingia Vim lilipita mikononi mwake, na wengi tulijiuliza kama programu itamfuata. Haikumfuata. Christian Brabandt na wenzake waliokuwa wakichangia kwa miaka mingi walichukua usukani, na tarehe 2 Januari 2024 wakatoa toleo la 9.1, wakalitoa kwa kumbukumbu yake. Waliweza kwa sababu kila kitu kilikuwa wazi: msimbo, maelezo, historia ya mabadiliko.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa kijana anayeanza leo, kihariri chochote utakachochagua, ni huu. Jua faili ya mipangilio yako inakaa wapi. Ikiwa hujui, si yako. Usinakili mistari 500 ya mtu usiyoielewa. Anza na 10, kila mmoja ukijua kazi yake. Usiandike njia za diski za mashine moja ndani ya faili utakayohama nayo. Mimi nimeumbuliwa na `D:\bakapu` baada ya miaka 19. Weka nakala mahali pawili, ikiwezekana kwenye git, ili uone pia ulibadilisha nini na lini. Kabla ya kupandisha toleo, nakili faili ya zamani kando. Na kando ya kila mstari andika kwa lugha yako kwa nini uliuweka. Huwezi kujua nani atausoma.

Mama amehamia kwake kupya na redio ya baba iko dirishani. Faili nimeihifadhi mahali pawili, na flashi nimeirudisha kwenye kisanduku cha bati, ambacho sasa kiko chini ya kitanda changu. Tuonane wakati mwingine, stima ikiwepo.